Ndege ndogo kutoka Tanga: mwongozo kamili wa kusafiri salama, tangu kufunga begi hadi kushuka

Msafiri wa Tanga anayevuka kwenda Pemba au Unguja kwa ndege hukwama palepale kila mara. Begi linafunguliwa mezani, pawabenki inachimbuliwa chini ya nguo, kopo la dawa ya mbu linawekwa pembeni, na kilo zimezidi. Akishavuka hapo anakaa kitini, anafunga mkanda juu ya tumbo, kisha anapiga picha dirishani wakati rubani anaeleza jaketi la kuokolea lilipo. Kosa la begi na kosa la kutosikiliza ndiyo yanayorudiwa zaidi, na yote mawili hayahitaji fedha kuyazuia.

Mwongozo huu ni wa ndege za aina ya Cessna Caravan na wenzake: injini moja, pangaboi moja mbele, viti kumi na kitu, na hakuna mhudumu ndani. Anayeunganisha ndege kubwa Dar es Salaam ana sehemu yake fupi karibu na mwisho.

Vitu vya kuandaa kabla

- Begi laini lisilo na fremu ngumu. Nafasi ya mizigo katika Caravan ni ya kubanabana, na sanduku gumu la magurudumu huweza kubaki chini hata kama kilo zake ni halali.
- Mizani ya kuning'iniza. Ukikosa, muombe mwenye duka la nafaka hapo Ngamiani akupimie.
- Pawabenki ambayo maandishi yake yanasomeka.
- Selotepu au plasta ya kufunika ncha za betri.
- Kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, kwa vitu vya majimaji.
- Viatu vya kufunga au vyenye mkanda wa nyuma. Ndala hutoka mguuni unapoharakishwa kushuka ngazi.
- Kitambulisho, tiketi, dawa zako za siku mbili na peremende chache za kufungua masikio.

Hatua ya 1: Nunua tiketi kwa mwenye ndege

Nunua ofisini kwa kampuni, kwenye tovuti yake, au kwa wakala ambaye kampuni yenyewe inamtambua. Wakati huohuo uliza mambo matatu: kilo ngapi, begi la mkononi limo ndani ya kilo hizo au la, na ufike saa ngapi. Kampuni nyingi za ndege ndogo hutoa kilo 15, na mara nyingi begi la mkononi linahesabiwa humohumo. Usidhani kwamba kilo 23 ulizopewa safari ya Dubai zinafanya kazi hapa.

Kikundi kinachokodi ndege nzima, kwa mfano kwa harusi au msiba, kina swali la ziada: cheti cha uendeshaji kilichotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kiko wapi? Mwenye cheti hukionyesha bila kinyongo. Mtu anayekujibu kwa ubishi, au anayekwambia "ndege ni ya rafiki yangu, msiwe na wasiwasi", muache.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ndege ya asubuhi. Jua likishaichoma ardhi, hewa ya moto hupanda na ndege ndogo huirukia kama gari kwenye matuta. Masika mawingu ya mchana huwa mazito zaidi.

Hatua ya 2: Toa vilivyokatazwa

Watu wengi hujua bomu na bunduki, hawajui jiki. Orodha hii ni ya vitu vinavyopatikana kwenye mabegi ya kawaida ya watu wa pwani:

- Mtungi wa gesi ya kupikia, hata ukiwa mtupu. Ndani hubaki mvuke unaotosha kulipuka.
- Petroli, mafuta ya taa, na chombo chochote kilichowahi kuyabeba. Mashine ya boti, karburata na msumeno wa mnyororo vimo humu. Kumwaga mafuta hakutoshi, kwa sababu mvuke hubaki ndani ya bomba na tangi.
- Betri ya gari au ya sola yenye asidi ya maji.
- Jiki, asidi ya kusafishia choo, rangi ya mafuta na thina.
- Dawa ya wadudu, ya shamba na ya kopo la kupuliza.
- Fataki za ishara za mabaharia.
- Makaa ya kufukizia udi, hasa yale yanayoshika moto upesi. Udi wenyewe hauna neno. Makaa ndiyo yanayoweza kujiwasha.

Manukato, sprei ya nywele na dawa ya kwapa vinaruhusiwa kwa kiasi: kila chombo kisizidi mililita 500, na jumla yote isizidi lita 2 kwa mtu mmoja. Kifuniko cha sprei kiwepo, kisije kikabonyezwa na nguo. Kibiriti cha gesi kimoja, au kiberiti kidogo cha njiti, hukaa mfukoni mwako. Hakiwekwi ndani ya begi lolote. Kisu, panga na mkasi vinakwenda kwenye begi la kukabidhi, vikiwa vimefungwa makali.

Samaki na pweza ni kesi ya peke yake. Havikatazwi kwa hatari ya moto. Shida yake ni maji ya chumvi yanayochuruzika sakafuni na kula bati na nyaya. Vigandishe hadi viwe jiwe, vifunge kwa magazeti, viweke ndani ya kopo linalobana, na usitie barafu ya vipande. Doriani halijawahi kuangusha ndege, ila ndani ya kibanda cha watu kumi na wawili utakuwa umewakosea wenzako. Waulize kampuni kwanza.

Kabla ya kufunga zipu, inama unuse begi. Pua ikishika petroli au thina, kuna kitu kimebaki, na hicho kitakutoa kwenye foleni.

Hatua ya 3: Betri, hapa ndipo pa kuweka akili

Kanuni ya dunia nzima ni moja: pawabenki na betri yoyote isiyo ndani ya kifaa chake husafiri na abiria, kwenye begi la mkononi. Kamwe haiendi kwenye begi la kukabidhi.

Sababu yake ni hii. Betri ya lithiamu ikibanwa, ikitobolewa, au ncha zake zikiguswa na funguo, chumba kimoja cha ndani hupata joto kali. Joto hilo huwasha chumba cha jirani, nacho kikawasha kingine, mpaka yote iishe. Gesi ya kizima moto huua mwali lakini haipozi betri, kwa hiyo baada ya muda huwaka upya. Dawa yake ni maji mengi. Sasa, kwenye Caravan nyingi mizigo hupakiwa katika sanduku lililo chini ya tumbo la ndege. Hakuna mtu anayeweza kulifikia hewani, awe rubani au abiria.

Hata mkononi, mahali pake si juu ya vichwa vya watu. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Moto ulianzia kwenye kabati la juu la mizigo na pawabenki ndiyo iliyoshukiwa. Watu wote 176 walitoka hai.

Jinsi ya kukagua pawabenki yako:

1. Igeuze, tafuta maandishi madogo. Ukiona Wh (kipimo cha nishati ya betri), soma tarakimu iliyoandikwa nayo. Chini ya 100 unapita.
2. Ukikuta mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) peke yake, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, na hiyo inahitaji idhini ya kampuni kabla ya siku ya safari.
3. Kati ya Wh 100 na 160, kwa idhini, mwisho ni mbili kwa abiria. Zaidi ya 160 haipandi kabisa.
4. Maandishi yamefutika? Iache nyumbani. Mkaguzi hana namna ya kukuamini, na yuko sahihi.
5. Ilaze juu ya meza tambarare. Ikiyumba, tumbo limevimba. Hiyo imekufa, usiitumie hata sebuleni.
6. Funika matundu na ncha kwa selotepu, iweke kwenye kimfuko chake, mbali na funguo na sarafu.

Pawabenki za bei ya chee zilizoandikwa mAh 50,000 na kuenea kiganjani huwa zinadanganya, lakini mkaguzi husoma kilichoandikwa. Mwenye nayo ataiacha mezani kwa uongo wa kiwanda.

Simu na kompyuta, kwa kuwa betri imo ndani yake, zinaweza kwenda kokote, ila mkononi ni salama zaidi. Ukilazimika kuziweka kwenye begi la kukabidhi, zizime kabisa, zisiwe zimelala tu. Na jambo la mwisho: begi lako la mkononi likichukuliwa mlangoni kwa sababu ndege imejaa, toa pawabenki kabla hujaliachia. Hapo ndipo hata waliofunga vizuri hujikwaa.

Hatua ya 4: Pima begi, kisha ujipime wewe

Caravan aina ya 208B ina kikomo cha kilo 3,969 wakati wa kuruka. Ndani ya hizo imo ndege yenyewe, mafuta, rubani, ninyi nyote na mizigo yenu. Uzito ukizidi, ndege hula njia ndefu zaidi ya kurukia na hupanda polepole. Uzito ukilemea nyuma, pua huinuka na rubani hupata taabu kuishusha. Ndiyo maana utaulizwa kilo zako, au utapandishwa mizanini ukiwa na begi mkononi.

Usipunguze. Watu kumi wakipunguza kilo saba kila mmoja, rubani amebeba mtu mzima ambaye hamjui. Bi mkubwa akiona haya kupimwa mbele za watu, mwambie binti wa kaunta kwa sauti ya chini: "Dada, naomba mama apimwe pembeni." Hakuna atakayekataa.

Rubani atawapanga viti kwa uzito. Ukiambiwa uhamie mbele, hama, hata kama mwenzio anabaki nyuma.

Na waliokwenda kuzamia kwa mitungi Pemba: baada ya mbizi moja subiri saa 12, baada ya mbizi kadhaa subiri saa 18, ndipo upande ndege. Naitrojeni iliyobaki mwilini hutoka kama mapovu hewa inapopungua mgandamizo.

Hatua ya 5: Kutembea hadi kwenye ndege

Katika viwanja vidogo unatembea kwa miguu hadi ndege ilipo. Mfuate anayewaongoza, kwa mstari. Mlango wa abiria wa Caravan uko nyuma, upande wa kulia, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kupita mbele ya bawa.

Pangaboi likizunguka kasi halionekani, jicho huona hewa tupu. Hata likiwa limesimama, lipishe. Shika mtoto mkono, si kumwambia tu akufuate. Kofia, mtandio na karatasi vishikwe: kusi likivuma litavirusha, na mtu hukimbilia kofia yake bila kutazama anakokwenda.

Ukipanda ngazi, hesabu safu za viti kutoka mlangoni hadi kitini kwako. Safu tatu, kwa mfano. Namba hiyo itakufaa moshi ukijaa.

Hatua ya 6: Mkanda

Mkanda wa kiunoni hukaa chini, juu ya mifupa ya nyonga. Ukiuweka tumboni, mshtuko utaubana kwenye utumbo na ini. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo. Vuta ncha mpaka usiweze kupenyeza zaidi ya vidole viwili. Kama kuna mkanda wa begani, uunganishe pia. Wengi huuacha uning'inie kwa kudhani ni pambo.

Kisha fanya zoezi hili kabla ndege haijaondoka: fungua, funga, mara tatu, macho yakiwa dirishani. Kifungo cha ndege huinuliwa kama kifuniko, tofauti na cha gari ambacho hubonyezwa. Mtu aliyepigwa na taharuki hurudia alichozoea, akabonyeza na kubonyeza pembeni mwa kiuno mahali pasipo kitufe. Mkono ukishaweza kufungua bila jicho, umefaulu.

Baki umefunga safari nzima. Hakuna pa kwenda, na hakuna choo.

Hatua ya 7: Sikiliza rubani, tafuta jaketi

Maelezo ya rubani huchukua kama dakika mbili. Yafuatilie kwa mkono: akisema jaketi liko chini ya kiti, inama uliguse. Wengine huliweka kwenye kimfuko cha mgongo wa kiti cha mbele, wengine huwafunga abiria pochi kiunoni. Usipoligusa hujui kama lipo. Likikosekana, sema kabla injini haijawashwa: "Shikamoo kapteni, hapa hakuna jaketi." Hiyo si dharau. Kuvuka mkondo wa Pemba huku kiti kimoja hakina jaketi ni jambo la yeye kulijua.

Matumizi: litoe kwenye pochi, livae kichwani, funga mkanda wake kiunoni, kaza. Ishia hapo. Usivute utepe mwekundu wa kulijaza hewa ukiwa ndani ya ndege.

Sababu iko baharini kwetu hukuhuku. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta na kushuka majini karibu na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walifariki 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza majaketi hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua hadi darini na hawakuweza kupiga mbizi kuufuata mlango.

Unajaza ukiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Utepe ukikataa, kuna mrija begani: puliza kwa mdomo.

Zaidi ya jaketi, uliza mlango wa pili. Caravan ina mlango wa abiria nyuma kulia, wa mizigo nyuma kushoto, na miwili ya mbele kwa rubani. Mlango wa abiria umegawanyika: sehemu ya juu huinuka, ya chini hushuka ikawa ngazi. Tazama mshikio umeelekea wapi wakati unafungwa.

Hatua ya 8: Angani

Ndege ikianza kushuka, meza mate, tafuna peremende, au bana pua upulize taratibu. Mtoto mchanga anyonye. Mwenye mafua makali yaliyoziba masikio ni bora aahirishe safari.

Simu ikitoa moshi au ikawa ya moto isiyoshikika, mwambie rubani au aliye karibu naye papo hapo, kwa maneno mafupi: "Moshi, kiti cha tatu kulia." Usiikumbatie, usiifunike kwa kanga, usiitie barafu, maana vyote hivyo hufungia joto ndani. Mwagia maji, soda, chochote kisicho na kileo, na uendelee kumwagia hata mwali ukizimika. Watu wasogee mbali kadiri nafasi inavyoruhusu.

Hatua ya 9: Rubani akisema jiandaeni

Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, zirudishe kidogo nyuma ya magoti. Kidevu kifuani, kichwa kikiegemea kiti cha mbele, mikono juu ya kichwa bila kufumbata vidole. Kaa hivyo hadi ndege isimame kabisa, kwa sababu mara nyingi hugonga zaidi ya mara moja.

Ikiwa ni majini: kwanza shika kwa mkono mmoja kitu kisichosogea upande wa mlango, mfano ukingo wa dirisha au mguu wa kiti. Subiri mtikisiko uishe. Fungua mkanda mwisho, si mwanzo. Ndege ikigeuka juu chini, mkono ulioshika ndio utakaokuonyesha njia, kwa kuwa macho hayatakuwa na msaada.

Caravan haizami kama jiwe. Desemba 2013 moja ilishuka baharini karibu na kisiwa cha Molokai, Hawaii, baada ya injini kuzima. Wote tisa walitoka ndani yake, ingawa mmoja alifariki akiwa majini. Na kwetu Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotua ziwani, walionusurika ni 24 kati ya 43, na mlango wa nyuma ndio uliokuwa njia yao. Hata hivyo, usiukazie macho mlango ulioingilia tu.

Mabegi yanabaki. Yote.

Ukiunganisha ndege kubwa Dar

Hapa mambo machache hubadilika. Kwa safari za nje, majimaji ya mkononi ni chombo cha mililita 100 kwa kila kimoja, vyote vienee kwenye mfuko wa uwazi wa lita moja. Asali na mafuta ya nazi ni majimaji, hata yakiganda.

Barakoa ya oksijeni ikishuka, vaa wewe kwanza, mtoto baadaye. Kwenye futi 35,000 una kati ya sekunde 30 na 60 za akili timamu, na ukizimia hutamsaidia mtu.

Usivue viatu wala kuziba masikio kwa muziki katika dakika tatu za kwanza na nane za mwisho. Tarehe 2 Januari 2024 uwanjani Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na nyingine na kuwaka. Watu wote 379 walitoka, na mabegi yao yakaungua ndani.

Hatua ya 10: Kushuka

Subiri injini izime na pangaboi lisimame, hata kama jamaa zako wanakupungia mkono uzioni. Shuka ukiangalia ngazi, elekea nyuma ya ndege, kisha zunguka kwa mbali.

Begi likifika, liangalie kabla ya kusaini au kuondoka. Likiwa limelowa mafuta usiyoyajua, mwite mfanyakazi wa uwanja alione, kwa kuwa huenda yametoka kwenye mzigo wa mwenzio uliobaki ndani. Pawabenki au simu iliyoanguka njiani isichajiwe usiku huo. Iweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, uitazame hadi asubuhi kama itavimba au kupata joto.